Babu Niliyemchagua Kwenye Katoni

Mama mwenzangu, kama ukuta wa sebule yako uko wazi, uache hivyo hivyo. Ukikusumbua sana, upake rangi. Usitundike mtu usiyemjua ukasema ni wako. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba tu, sina elimu ya kumfundisha mtu, lakini somo hili nimelipata kwa vitendo, na mtihani wake niliufanya mbele ya wakwe.

Mimi ni fundi cherehani. Nina binti mmoja, anakaa mapokezi hospitalini, mtu mtulivu, anaweza kuulizwa swali lile lile na watu arobaini na akamjibu wa arobaini kama alivyomjibu wa kwanza. Mwaka juzi alianza kupeleka saa yake ya mkononi kwa fundi. Wiki hii mkanda, wiki ijayo betri, wiki ya tatu kioo. Nilipoona saa inayotembea vizuri inapelekwa kutengenezwa kila Ijumaa, nikajua ugonjwa hauko kwenye saa. Naye Fundi Saa, kijana mrefu mwenye alama ya duara kuzunguka jicho la kulia kwa sababu ya kile kioo cha kukuzia wanachokibana jichoni, hakuwahi hata siku moja kumwambia kwamba saa ni nzima. Nilimpenda kwa hilo.

Aliyenitia hofu ni mama yake. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule, akastaafu, lakini ule ukuu haukustaafu naye. Mpaka leo watu wote wanamwita Mwalimu Mkuu, hata dada yake wa tumbo moja. Binti yangu alipokwenda kumsalimia mara ya kwanza alirudi na habari kwamba sebuleni kwao kuna picha ya babu wa ukoo wa Mwalimu mwenyewe, picha ya karne ya kumi na tisa, fremu nyeusi, na mgeni huonyeshwa picha kabla ya kuonyeshwa pa kukaa. Mwalimu Mkuu akamuuliza kwa upole: na kwenu, mwanangu, mzee wenu yupo ukutani? Mtoto wangu, kwa ukweli wake ule wa mapokezi, akajibu kwamba kwetu ukutani kuna swichi ya taa.

Maneno hayo yaliniingia kama sindano chini ya ukucha. Nikamwona mwanangu ndani ya nyumba ile miaka arobaini, anaitwa yule wa swichi. Na mimi ningetoa wapi mzee wa ukutani? Watu wa kwetu walikuwa watu wa kazi. Hakuna aliyewahi kusimamishwa mahali akaambiwa atulie apigwe picha. Ya marehemu baba ipo moja tu, kwenye kitambulisho, na humo amefumba macho.

Basi ilipoletwa taarifa kwamba watakuja Jumamosi ya wiki ya pili kuzungumza mambo ya watoto, mimi nilikwenda kwa Fundi Fremu.

Duka lake ni chumba kimoja kinachonuka gundi na mbao mbichi. Nilimwambia nataka kitu cha zamani chenye heshima. Hakuuliza cha nani. Aliinama chini ya meza akavuta katoni, akapuliza vumbi, akaniambia ni picha za studio moja iliyokufa zamani sana, warithi walikuwa wanazitupa. Zote zina zaidi ya miaka mia. Hazina jina, hazina mji, hazina mwenyewe. Alisema amewauliza wateja wake wote, na mpaka leo hakuna aliyemdai hata mmoja wa wale watu.

Nikakaa kwenye kigoda nikaanza kuwaangalia. Mwanzoni wote walikuwa sawa: rangi ya kahawia, sura za hasira. Lakini ukiwaangalia kwa muda wanaanza kuachana, kila mtu anatoka na yake. Kulikuwa na mama mmoja aliyefumba macho picha ilipopigwa, mpiga picha akamchorea macho mengine kwa wino juu ya kope, jicho moja likawa linamtazama mumewe na jingine linaangalia mlango. Kulikuwa na mtoto mwenye vichwa vitatu, kwa kuwa aligeuka mara tatu. Kulikuwa na mzee mwenye heshima zake zote, na pembeni mbwa aliyekuwa anatoka, amebaki mkia. Bwana harusi na bibi harusi walisimama mbalimbali kiasi kwamba kati yao ungepitisha kabati.

Halafu nikamfikia yeye. Amesimama kando ya kiti, mkono mmoja umeshika mgongo wa kiti, mkono wa pili umeshika saa iliyofunguliwa. Koti zito la vifungo sita. Nyuma yake pazia lililochorwa nguzo. Kifua mbele. Nikahesabu miguu yake: mitano.

Fundi Fremu akacheka. Alinieleza kwamba miwili ni yake, mitatu ni ya chuma kilichomshika shingo kwa nyuma asitikisike, maana kamera za wakati ule zilikuwa nzito za kuona. Ukijikuna tu unatoka moshi. "Huyo alizuia pumzi mpaka akaambiwa basi," alisema. "Ndiyo maana anaonekana ana heshima."

Nikamwambia anifungie huyo.

Nikiri jambo moja hapa. Mimi ni fundi, na niliona tangu pale kwamba koti si lake. Mshono wa bega ulikuwa umeshuka mpaka katikati ya mkono, na mikono ya koti ilifika kwenye vidole. Niliona, nikaamua kwamba alikuwa amekonda kidogo.

Kwa nyuma ya picha Fundi Fremu huweka kadi ngumu, na yeye hanunui kadi, anakata kalenda zilizopita. Iliyokuwepo siku hiyo ilikuwa ya mwaka jana, ya dawa ya mifugo, na ilishakatwa katikati, nusu ilikwenda na mteja mwingine. Nusu iliyobaki ilikuwa na kichwa cha ng'ombe wa mabaka, na chini yake Januari mpaka Juni. Akaipachika kwa nyuma, akabandika utepe wa karatasi pande zote nne, na ng'ombe hakuonekana tena. Nilimlipa kwa aproni mbili nilizomshonea, nikaondoka na babu kwapani.

Binti yangu alipomwona ukutani aliuliza mbona hajawahi kumsikia. Nikamjibu kwamba alikuwa kwenye sanduku la shangazi. Hakuuliza tena.

Msemaji wetu alikuwa mdogo wangu wa kiume. Jina la utani analoitwa ni Redio, na hakulipata bure. Yeye nilimweleza ukweli wote, na kosa langu la pili ndilo hilo, kwa kuwa alifurahi kupita kiasi. Nilimwomba aseme maneno machache tu: huyu ni babu wa baba yetu, alikuwa mtu mwema. Akaitikia ndiyo dada, ndiyo dada, huku macho yanamng'aa.

Jumamosi wakaja watatu: Mwalimu Mkuu, Fundi Saa, na Baba Mkubwa, kaka wa marehemu mume wa Mwalimu, ndiye msemaji wao. Nilikuwa nimetandika vitambaa vipya kwenye viti vyote. Vikombe havijajaa chai, Redio ameshafunguka. Alisema babu yetu alikuwa mkalimani wa lugha nne, moja katika hizo imeshakufa kwa kuwa yeye alikufa. Alisema alivuka mto na chui mgongoni. Alisema lile koti alishonewa na fundi wa melini, la kwake peke yake duniani, na fundi alipomaliza akaivunja sindano ili asipatikane mtu mwingine wa kuvaa mfano wake. Mimi chui nilimvumilia. Ile sindano ndiyo iliyonitia aibu, maana hakuna fundi anayevunja sindano nzima.

Mwalimu Mkuu hakuwa amegusa chai. Aliinuka, akaenda akasimama mbele ya picha, mikono nyuma, kama anayekagua kucha za wanafunzi.

"Koti hili," alisema, "ni la babu yetu."

Baba Mkubwa akamfuata. Akavaa miwani, akavua, akavaa tena. Akasema si koti peke yake. Kiti ni kile. Saa ni ile. Pazia lenye nguzo ni lile lile. Hata huo mguu wa chuma unaotokeza nyuma ya kiatu upo kwao, na siku zote wameambiwa ni ncha ya mkuki wake.

Redio akaongeza chai kwenye kikombe ambacho tayari kilikuwa kimejaa. 

Baba Mkubwa akarudi kukaa. Akasema taratibu, kama mtu anayehesabu hatua gizani, kwamba kama babu ni mmoja, basi watoto hawa ni ndugu, na ndugu hawaoani. Akamgeukia Mwalimu Mkuu amuulize kama anaona vingine. Mwalimu Mkuu akasema yeye hana la kuongeza. Wakaaga. Biskuti zilibaki kama nilivyozipanga.

Binti yangu hakulia. Alivua saa mkononi, akaiweka kwenye droo ya vifungo, akaifunga droo. Kwa siku tatu alikwenda kazini na kurudi bila kujua ni saa ngapi. Siku ya tatu jioni alinikalia mbele akaniuliza swali moja tu.

"Mama, una hakika huyu ni babu yetu?"

Nikamwambia, "Kula kwanza."

Kumdanganya mtoto kwa maneno ni vibaya. Kumdanganya kwa sahani ya chakula ni vibaya zaidi, na mimi nilifanya hivyo huku namtazama. Ningesema ukweli, naonekana muongo mbele ya wakwe na ndoa inavunjika kwa aibu. Nisiposema, inavunjika kwa undugu. Nilizunguka humo kama uzi ulioingia kwenye gurudumu.

Aliyetukwamua, au niseme aliyenikwamisha vizuri zaidi, ni Fundi Saa. Aliomba tukutane tena siku ya Jumatano saa nne asubuhi, wote, na picha zote mbili, mahali penye mwanga. Yeye kazi yake ni kuangalia vitu vidogo, akasema, basi aachwe aangalie. Nikaondoa vitambaa kwenye meza yangu ya kukatia nguo, ile iliyo dirishani, tukawalaza mababu wawili ubavu kwa ubavu. Kweli walikuwa kama shilingi kwa ya pili.

Fundi Saa akabana kioo chake jichoni, akainama. Aliangalia kwa muda mrefu mpaka Redio akapiga chafya mara mbili na kuomba radhi mara nne. Kisha akaanza kueleza. Masikio: wa kwetu ndewe zake zinaning'inia, wa kwao zimeshikana na shavu. Nyusi: wa kwetu ana kovu, wa kwao hana. Kidole gumba cha wa kwetu kimetoka ukungu kwa sababu kilitetemeka, cha wa kwao kimetulia kama kigingi. Na saa, hapo akatabasamu kwa mara ya kwanza, saa ni moja. Kwenye picha zote inasema saa nane kasoro kumi, mishale yake imechorwa kwa kalamu, na mkufu wake unaingia kwenye tundu la kifungo unaishia hapo hapo. Ni saa ya maonyesho. Kwa hiyo hata koti ni la studio. Walioingia walilikuta limetundikwa, wakalivaa, wakapigwa picha, wakalivua.

Akanivika kile kioo. "Mama, wewe ndiye fundi nguo. Liangalie koti."

Nikainama. Jamani, mtu akikuzwa kiasi kile huwezi kumsingizia tena. Wa kwao alikuwa amejazana ndani ya koti, vifungo vinavutana, kitambaa kimefanya mistari tumboni. Wa kwetu koti lilimmeza, na kiunoni niliona vichwa vya pini tatu walizolibana nazo. Nikasema kwa sauti: koti moja, watu wawili. Lilikuwa neno la kwanza la kweli nililolisema juu ya yule bwana.

Lakini niliendelea kuangalia, na nikaona ambacho sikuwa nimetumwa kukiona. Ile heshima yake, kwa karibu, ilikuwa woga. Midomo ameibana, macho yanasubiri aambiwe basi. Na kwenye ukosi wa shati, shati lake mwenyewe, chini ya koti la watu, kulikuwa na kiraka kidogo kimetiwa kwa mkono, mishono midogo, iliyonyooka, ya mtu aliyekaa karibu na taa akapinda mgongo ili huyu bwana atoke nadhifu. Ana watu wake, nikawaza. Ana mtu aliyemshonea. Na mimi nimemtia kwapani nikamwita wangu.

Baba Mkubwa lakini hakuridhika. Alisema mtu hunenepa na hukonda; suti yake ya harusi leo haipiti goti. Kuhusu masikio, alisema masikio hurefuka uzeeni, tuangalie ya kwake. Tukaangalia. Yalikuwa marefu kweli. Kuhusu saa, alisema mtu anayejali muda hupigwa picha saa ile ile kila mara. Na kuhusu koti akanyoosha kidole kwa Redio.

"Si wewe, bwana, uliyetuambia koti lilikuwa moja duniani na sindano ikavunjwa? Basi aliyelivaa ni mmoja."

Redio akakosa mawimbi. Tangu azaliwe sijawahi kumwona hivyo. Akanitazama mimi. Binti yangu naye akanitazama. Fundi Saa alikuwa anafuta kioo chake kisichokuwa na vumbi. Mwalimu Mkuu peke yake hakumtazama mtu. Alikuwa ameweka kiganja juu ya fremu yake kama mtu aliyemshika mtoto kando ya barabara.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilishazaa, na mtoto mwenyewe ndiye yule aliyekuwa anafunga na kufungua kifungo cha mkono wa blauzi. Nikachukua mkasi.

"Baba Mkubwa," nikasema, "huyu simjui."

Nikampindua yule bwana kifudifudi, nikakata utepe pande zote nne, nikatoa kadi nikaigeuza juu. Ng'ombe wa mabaka akatutazama sote, kichwa na shingo, na chini yake Januari mpaka Juni ya mwaka jana. Nikawaeleza kila kitu, katoni, aproni, sanduku la shangazi lisilokuwepo. Nikasema chui ni wa Redio, lugha iliyokufa ni ya Redio, na sindano haikuvunjwa na mtu. Mwanangu hana undugu na yeyote ndani ya chumba kile isipokuwa mimi na muongo mwenzangu huyu. Kama wanamtaka wamchukue yeye, ukuta wetu una swichi tu.

Nilipomaliza niliweka mikono mapajani nikasubiri kupelekwa kusimama kwenye kona.   Mwalimu Mkuu akanyoosha mkono.

"Nipe na mimi huo mkasi."

Alikata utepe wake vizuri, mstari umenyooka kama wa ubaoni. Akatoa kadi, akaigeuza, akaisogeza mezani taratibu mpaka ikagusana na ya kwangu. Makalio ya ng'ombe, mkia, Julai mpaka Desemba. Mabaka yakaungana. Mwaka ukatimia.

 Halafu Baba Mkubwa akavua miwani.

"Shemeji," akamwambia, "mimi huyu mzee kila nikija kwako nampa shikamoo."

Mwalimu Mkuu akasema anajua, na kwamba kila mara alitaka kumzuia akakosa pa kuanzia. Alisema miaka thelathini ofisi yake ilikuwa na picha za watu wakubwa kila upande; alipohamia nyumba ya kustaafia, ukuta mtupu ukawa unamwangalia yeye. Mtoto wenu aliponijibu swichi bila kuona haya, alisema, nilitamani nimteremshe mzee wangu siku ile ile. Halafu nimekuja hapa namkuta mwingine. Alisema maneno hayo bila kuinua macho kutoka kwa ng'ombe.

"Angalau ng'ombe tunamjua," akasema Redio.

Binti yangu ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza, na mababu wakatikisika, wao ambao walifungwa vyuma wasitikisike. Baba Mkubwa akacheka baadaye, kwa mafungu, kila akikumbuka shikamoo moja. Binti akaenda kwenye droo ya vifungo akarudi na saa yake. Fundi Saa akaipokea, akaiweka sikioni, akasikiliza.

"Hii saa ni nzima," akamwambia. "Siku zote ilikuwa nzima."

"Najua," akasema.

Wameoana, wana nyumba yao. Mabwana wale wawili wapo huko, wametundikwa pamoja, na chini yao kuna kadi yenye mwandiko wa Mwalimu Mkuu: Hatuwajui. Koti ni moja. Baba Mkubwa hawasalimii tena, ila nimemwona akiwapita anapunguza mwendo.

Kwa hiyo nakuonya tena, mama mwenzangu. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na miguu mitano na bado haikufika mbali. Na kama katika ukoo wako kuna habari ya mtu mwembamba, ana kovu kwenye nyusi, ukosi wake umetiwa kiraka na mtu anayejua kushona, njoo umwangalie kwa karibu. Ukiona ni wako, nitakupa pamoja na fremu yake. Ng'ombe atabaki.